Kitenzi cha Tarehe Kumi na Tano

Myamba, 11 Agosti 2024

Mwanangu Blandina,

Salamu nyingi kutoka mlimani. Mimi mzima, mbuzi wazima, tangawizi imekubali mwaka huu. Wewe sijui, maana hujaniandikia tangu tumzike kaka yako Februari, na simu yangu hupokei. Sikulaumu. Nakutaarifu tu kwamba barua za basi bado zinafika.

Nina shida ya kikazi. Mchungaji ana mitaa minne, kwa hiyo ibada ya kwetu tarehe 15 Septemba naongoza mimi. Kustaafu uinjilisti huku ni jina tu. Somo ni yule mjane wa Naini aliyekuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee. Bwana anamwona, anamwonea huruma. Hiyo huruma nimeihubiri miaka thelathini na nne, na sasa nikiisoma naona wino tu. Wewe unasoma Kigiriki huko chuoni. Pale pameandikwa nini hasa?

Nijibu kama mwanafunzi, kama huwezi kunijibu kama mwanangu.

Baba yako,
Melkizedeki


Chuoni, 20 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Huku ni wali na maharage Jumatatu mpaka Jumapili, nayaota makande.

Kitenzi ni splanknizomai. Ndani yake mna jina la vitu vya ndani: moyo, maini, mapafu, figo. Vile unavyovitoa kwa mkono ukichinja. Mtu anashikwa huko kabla hajapata muda wa kufikiri. Kimo kwenye Injili mara kumi na mbili, na zote zinamhusu Yesu, au mtu wa kwenye mifano yake: mfalme mmoja, Msamaria, na yule baba aliyemwona mwanawe angali mbali.

Huyo ni mwanafunzi. Sasa mwanao.

Mwezi wa Januari kaka Anold alipanda kutoka Kwakoa, na Soila wake ana mimba, kuomba kurudi kundini. Mlikuwa mmemtenga kwa kuishi naye bila ndoa ya kanisa. Wewe, mwenyekiti wa wazee, ukamwambia asubiri wiki ya Pasaka, ndipo waliotengwa husimamishwa mbele ya watu. Februari pikipiki ikamuua. Mkamzika bila mchungaji na bila kengele, na muhtasari wa kikao una sahihi yako. Yule baba wa kwenye mfano hakumwambia mwanawe asubiri Pasaka.

Baba, husikii kitu?

Mwanao,
Blandina


Myamba, 29 Agosti 2024

Mwanangu Blandina,

Marahaba. Barua imefika salama, kondakta hakuifungua. Mimi sijambo, goti tu.

Yote uliyoandika ni kweli. Sahihi ni yangu. Na kanuni yenyewe niliiandika mimi, mwaka 1998. Wa kwanza kuzikwa kwa kanuni hiyo alikuwa kijana wa jirani yetu Eliufoo, aliyetengwa kwa kupika pombe ya dengelua. Eliufoo alinipigia magoti pale uani, anataka kengele tu, hata mara moja. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Basi ningempigia wangu, Eliufoo ningemtazama kwa macho gani? Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Unauliza kama nasikia kitu. Sisikii. Sijalia tangu siku ile. Nakula, nalala, nang'oa tangawizi. Juzi nilichinja beberu, nikashika maini yakiwa bado ya moto, nikakumbuka kitenzi chako. Nikasubiri. Hamna kitu, Blandina. Nikanawa mikono.

Sasa mtu atahubiri nini na huko ndani kumekufa ganzi? Jumapili hiyo nitampa mzee mwingine.

Baba yako


Chuoni, 6 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Pole na goti.

Usimpe mtu mwingine. Bado nina hasira na wewe, tena nyingi, lakini nimerudi kuzisoma zote kumi na mbili. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwamba mwenye huruma hiyo alilia. Kinachoandikwa ni kilichofuata. Akamgusa. Akawalisha. Akakimbia. Akamfunga majeraha. Pale Naini alisogea akaligusa jeneza, na waliobeba wakasimama.

Kuhusu machozi sijui, Baba. Labda hayaji tena.

Soila amejifungua mtoto wa kiume. Atapanda Jumamosi tarehe 14, umwone. Tafadhali usimsomee kanuni.

Mwanao,
Blandina


Myamba, 17 Septemba 2024

Mwanangu Blandina,

Natumaini u mzima. Soila alifika, mtoto mzito kama debe la mahindi. Sikumsomea kitu.

Jumapili sikuhubiri. Nilisoma somo, nikafunga kitabu, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Watu walidhani nimebanwa na haja. Nikashika kamba ya kengele. Nilitaka kupiga thelathini na moja, miaka yake. Katikati nikapotea hesabu, nikasimama, nikaanza upya, kwa hiyo mpaka kule bondeni walisema wamekufa wawili. Wakaanza kupanda na majembe.

Eliufoo alitoka kanisani wa kwanza. Akaniuliza, "Nani?"

Nikamwambia, "Anold."

Nikafikiri atanipiga, na ningemwacha anipige. Akaninyang'anya kamba. Akapiga ya kwake, ishirini na mbili, pole pole, wala hakupotea hesabu hata kidogo. Kumbe wale wa bondeni hawakukosea.

Jana wazee wamekaa. Nimevuliwa uenyekiti na nimetengwa mpaka Pasaka. Ndiyo kanuni kwa mzee anayempigia kengele aliyetengwa, nimeiandika vizuri mno, haina hata tundu la kupitia. Nitakaa benchi la nyuma. Eliufoo amesema atakaa na mimi.

Sijalia bado, usije ukasikia vingine. Ila kamba ilinichuna viganja vyote viwili, malengelenge yamepasuka, na jembe halishikiki. Yanauma sana, mwanangu. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza.

Baba yako