Jiwe Walilosema ni la Ziwani

Nyamira,
14 Machi 1971.

Kwa binti yangu Nereah,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetulinda mpaka leo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, nalo nimeshalizoea. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kendu, wewe na Jeconia wangu, na wazazi wako pia. Huyo mtoto ameota meno ya chini? Bado anakataa uji mpaka autie kidole kwanza? Huku mvua imeanza na chai inachipuka vizuri. Ile migomba uliyopanda nyuma ya jiko imebeba, mmoja nimeuwekea mti wa kuuegemea usije ukaanguka na mkungu wake.

Unisamehe Kiswahili changu. Unajua niliishia darasa la tatu. Kikisii chetu hukukaa nacho muda wa kukishika, nami Kijaluo chenu najua salamu tu. Basi tukutane katikati, kama tulivyokuwa tukifanya jikoni tukichambua mboga.

Nyasani yuko hapa kwa likizo. Ni yeye mumeo aliyeniomba nikuandikie, anasema neno la mama lina uzito kuliko lake. Habari yenyewe ni hii: lile jiwe lililotutenganisha limepata jina.

Wewe unamjua mumeo na mawe. Tangu utoto nikifua kaptura yake naanza kwa kutoa mawe mfukoni. Alipopata kazi ya reli huko pwani, Mazeras, nilidhani yatamtoka, kumbe ndiyo amepelekwa shambani kwake. Lakini hili la mwisho lilitutisha sote, nisikudanganye. Kubwa kama sufuria ya ugali wa watu wawili, limejikunja kama nyoka aliyelala, na mbavu kutoka katikati mpaka ukingoni. Halafu mtoto wa shemeji yako Mogire na mkewe Persis akafa kwa surua wiki ileile Persis alipoliona chini ya kitanda chenu. Mama aliyefiwa hutafuta pa kushika, binti yangu. Persis alishika hapo.

Baba mdogo wao, mzee Ongeri, akamwita Mwalimu Abner wa shule ya kanisa aje aliangalie. Mwalimu akasema kwa moyo safi kwamba huyu ni mnyama wa maji aliyegeuka jiwe. Alidhani anatutuliza. Lakini sisi watu wa milimani tunajua maji gani? Bahari hatujaiona. Tukisimama huko juu siku ya jua tunaona maji yanayong'aa kwa mbali, ni ziwa, na ziwa ni kwenu. Wanaume wakakaa kwa Mogire mchana kutwa, na walipotoka Ongeri akaniambia imejulikana, jiwe limetoka kwa wakwe. Sikuuliza imejulikanaje. Nilikufungia nguo za mtoto kwa mikono yangu, nikakusindikiza mpaka barabarani.

Jiwe lenyewe Ongeri alitaka litupwe mtoni. Nyasani akamsihi, akasema liende kwanza Nairobi kwa watu wa makumbusho, walipe jina. Mwezi uliopita tukaenda. Mimi nilisema lazima niwepo, nisikie kwa masikio yangu, maana nilikuwa na swali langu.

Tulipokewa na bwana mmoja kijana, Mkamba, mwenye miwani. Akalilowesha jiwe kwa brashi, akaliinamia na kioo chake kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni. Akatuonyesha mistari myembamba iliyopindapinda kama ukingo wa jani la kabichi. Akasema kila mstari ni ukuta wa chumba. Mnyama huyu alikuwa akikua anajenga chumba kipya mbele, anahamia, anakifunga cha nyuma. Konokono hana vyumba, kwa hiyo si konokono. Ni jamaa ya pweza, wanaitwa amonaiti, na wote walikwisha, hakuna hata mmoja aliyebaki popote. Alitaja na miaka yake, lakini sitaiandika, kwa sababu sisi Wasabato tunajua dunia iliumbwa lini. Nilisema moyoni, ni gharika hiyo. Sikubishana naye, nilikuwa mgeni.

Swali langu nikaliuliza. Nilimwuliza kama hili linaweza kuua mtoto. Hakunicheka. Akasema, mama, likimwangukia mguuni litamvunja, lakini surua halina. Nikakaa chini, binti yangu. Nilikaa kwenye sanduku, sikuona kiti.

Kisha akafungua droo nyingi, akalilinganisha na mengine ya pwani, hili na lile. Akasema mbavu za letu zinagawanyika kwa namna asiyoijua, hana la kufanana nalo. Itabidi waulizwe wataalamu wa ng'ambo, na swali la kwanza watakalouliza ni limetoka wapi. Jiwe lisilo na mahali, alisema, ni kama mtoto aliyeokotwa njiani: utampenda, lakini ukoo wake huwezi kuutaja.

Nyasani akanitazama mimi, akatazama meza, akasema limetoka ziwani, kwa wakwe zake.

Yule bwana akamwambia, ndugu yangu, kokota wavu ziwa lote mwaka mzima, hutapata hata kipande. Huyu ni wa maji ya chumvi, na alikwisha kabla ziwa halijakuwapo. Akakwangua udongo mweusi uliobaki katikati ya jiwe, akausugua kwa kidole, akasema udongo huu anaujua, ni wa nyuma ya Mombasa. Akauliza tena, kwa upole, nani alilitoa ardhini.

Mwanangu akasema, ni mimi. Na alipoanza hakusimama. Akaeleza jinsi walivyokuwa wakichimba ukingo wa reli, sululu yake ikagonga kitu cha mviringo kama yai kubwa, likapasuka, na ndani mwake huyu amelala. Akachora ukingo wenyewe, udongo mweusi hapa, wa manjano juu yake. Uso wake uling'aa, Nereah. Alisahau kwamba nimekaa nyuma yake.

Hapa ndipo Nyasani angependa niishie. Anataka ujue kwamba jiwe si la kwenu, kwamba Ongeri amekubali, kwamba Persis ameona haya, na kwamba urudi nyumbani na mtoto. Yote hayo ni kweli. Persis mwenyewe amefagia nyumba yako. Kila mtu hapa amepata kipande chake cha amani.

Lakini wakati tunangoja basi la kurudi nilimwuliza mwanangu, siku ile kwa Mogire nani aliyesema ni la wakwe? Kwanza akasema ni wazee. Nikamwambia, wazee wana midomo, ni mdomo wa nani? Akaniacha hapo, akaenda kukata tiketi. Tulipokuwa tumeketi ndipo akasema.

Ongeri alimwuliza mbele ya wote kama ni kweli watu wa reli hununua majini, yale mapepo ya kuleta mali, huko pwani. Unajua hapa kwetu mtu akidhaniwa hivyo huchomwa moto. Nyasani anasema aliona macho ya Mogire, ndugu yake aliyetoka kuzika, akaogopa. Akawaambia si lake, ni mzigo wa mke wake, alikuja nao kutoka kwao, na yeye amekuwa akimwonya. Hakuna aliyemlazimisha. Ongeri alikuwa hata hajalitaja jina lako.

Najua alikuambia kwamba alikupigania wazee wakamshinda. Najua kwa sababu uliniambia ukilia pale barabarani, ukanishika mkono, ukasema afadhali nina mume. Mimi nilikuwa naye nyumba moja kila alipokuja likizo na sikuwahi kumwuliza. Wewe ulisema jiwe ni lake, nami nikaona ni maneno ya mke aliyekasirika. Ulikuwa unasema ukweli mtupu.

Nyasani si mtu mbaya. Nimemzaa, siwezi kuandika hivyo. Aliogopa, na akamweka mwingine mahali pake, na aliyekuwa karibu ni wewe. Sasa anakutaka kwa moyo wote, hali chakula. Hayo pia ni kweli. Ila nimeona kwamba nikikuita kwa nusu ya habari, nitakuwa nimekufungia nguo mara ya pili.

Kwa hiyo sikwambii urudi, wala sikwambii ukae. Ng'ombe wa mahari sitakubali yeyote aje kuwadai, hilo nimemwambia Ongeri. Ukirudi, uingie ukijua. Ukikaa, niruhusu tu nije kumwona Jeconia, na wazazi wako nitawaeleza kwa kinywa changu binti yao alisingiziwa na nani.

Mwanangu aliniomba nimsomee barua kabla sijaifunga. Nimemsomea mpaka pale alipochora ukingo wa reli. Amefurahi sana, akatoa stempu na kuibandika yeye mwenyewe. Yaliyobaki nitamwambia nikijua imekufikia.

Wasalimu baba na mama. Mpake Jeconia mafuta kichwani, umwambie ni ya nyanya yake wa Nyamira. Mungu akae na wewe katika nyumba yoyote utakayolala.

Ni mimi mama yako,
Kwamboka