Chupa ya Maji ya Kahawia Niliyokuja Nayo Pande

Jumamosi. Mawingu mazito tangu asubuhi, mvua inatishia tu, haishuki. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, hapa Kilwa. Ndani amelala mama yangu, mguu juu ya mto, na sindano ya kwanza imeshaingia.

Nimechoka, nina furaha, na nina aibu. Nianze na aibu.

Kwa asiyenijua: nasomea shahada ya pili Dar. Kazi yangu ni kuchemsha majani ya mkorosho, kuchanganya maji yake na chumvi ya madini ya fedha, na kusubiri. Baada ya saa chache maji yanageuka kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Maana yake fedha imekuwa chembe ndogo mno, tunaziita za nano, ambazo hadubini ya kawaida haizioni. Chembe hizo hutoboa ukuta wa bakteria. Tunazijaribu kwa bakteria sugu, wale waliozizoea dawa zetu mpaka haziwashtui tena.

Majani ni ya shamba la mama. Likizo iliyopita nilijaza mfuko mzima, akanicheka kwamba amenisomesha miaka yote hiyo nije nichume majani kama mbuzi.

Halafu siku moja maabara nikakiona nilichokuwa nakisubiri. Bakteria walikuwa wameota sahani nzima kama ukungu, isipokuwa pale nilipoweka tone letu. Pale palikuwa na duara safi. Nililia pale pale, mbele ya wenzangu. Kisha nikampigia mama simu nikamwambia, "Mama, majani yako yameua vijidudu vilivyoshinda dawa."

Hapo ndipo nilipokosea.

Mimi nilizungumzia sahani. Mama alisikia dawa.

Wiki chache baadaye akaungua. Alikuwa anachoma korosho nyuma ya jiko, maganda yakashika moto, mafuta yakamrukia juu ya mguu. Akafanya tunachofanya wote kwetu: akafungua kidonge cha rangi mbili, ile antibiotiki ya dukani, akamwagia unga wake kwenye kidonda. Kesho yake kingine. Siwezi kumcheka. Nilipokuwa darasa la nne nilichubuka goti nikajimwagia unga huo huo, na nilijiona daktari kamili. Lakini unga wa kudokoa namna hiyo hauwamalizi bakteria. Wanaobaki ndio wale waliouzoea.

Kaka yangu Hamisi akampeleka hospitali, wakachukua usaha wakaupima. Majibu yalikuja na herufi R karibu kila mstari, yaani dawa hizo hazifui dafu. Ilibaki moja tu, ya sindano, na ni lazima alazwe siku saba. Mama akawaambia ahsanteni, akarudi nyumbani Pande. Korosho zinadondoka, nani ataziokota? Isitoshe, ana mwanawe anayetengeneza dawa. Atamsubiri.

Na mwanawe akaja juzi usiku, chupa ndani ya mkoba.

Nilijiambia naibeba ili mama aone rangi ya majani yake. Maringo tu, basi. Lakini njiani nilishuka nikanunua na pamba, na pamba si ya kuonyeshea rangi.

Jana alasiri mama aliketi barazani akafungua kitambaa. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Wekundu ulikuwa umepanda hadi kwenye kifundo cha mguu, na ngozi imevimba inang'aa. Nilijua nikitazamacho. Mguu wa namna hiyo ukiachwa, hukatwa. Bi Esha, jirani yetu, naye alikuwepo, amekuja na kikombe kitupu ili agawiwe kidogo. Mama alishaitangazia nusu ya kijiji.

"Haya, daktari wangu," mama akanyoosha mguu. "Nipake."

Nikafungua kifuniko. Nikachovya pamba.

Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: nilichovya pamba. Nilijua kwamba hatujui ni kiasi gani kinaua bakteria bila kuua nyama inayojaribu kuota. Nilijua kuna chumvi iliyobaki humo ambayo haikugeuka, na inaunguza. Hakuna hata panya mmoja aliyewahi kupakwa maji haya. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na bado mkono ulikuwa unakwenda, kwa sababu mguu ni wa mama yangu.

Mama akanishika kiganja. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Na haya madoa meusi?"

"Chumvi ya fedha, mama. Ilinidondokea. Haitoki mpaka ngozi ibanduke."

"Kama mafuta ya korosho."

"Kama mafuta ya korosho."

Hapo ndipo maneno yaliponijia, maneno niliyopaswa kuyasema kwenye simu siku ile. Nikamwambia, "Mama, hii bado ina ganda. Haijabanguliwa. Wewe ungempa mtoto korosho na ganda lake?"

Amebangua korosho tangu hajaolewa, na vidole vyake vimeungua mara nyingi kuliko vyangu. Akavuta mguu taratibu, akainuka, akaingia ndani akichechemea. Nilidhani nimemuudhi. Bi Esha akaingiza kikombe chake chini ya khanga kimya kimya.

Mama akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na rangi mbili, na vidonge vyeupe vya mwaka gani sijui, mabaki ya dozi za watu watano. Kwetu mtu akipata nafuu anaacha kumeza, kinachobaki anakiweka akiba.

"Kama yako mbichi, hizi zangu zimechacha," akasema. "Rudisha yako, nami natoa zangu. Kesho twende."

Nikafunga chupa. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kumkanyaga.

"Na korosho?" nikauliza.

"Nitaokota mimi na wanangu," Bi Esha akadakia, akatoa tena kikombe chake. "Si nimeshakuja na chombo?"

Tulicheka hadi mama akashika mbavu.

Leo asubuhi tumekuja mshikaki kwenye bodaboda, mama katikati, mguu umefungwa khanga. Kopo limepokelewa dirisha la dawa. Daktari ameosha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa, mama akinibana mkono bila kutoa sauti. Kisha muuguzi akapaka krimu nyeupe. Nikasoma maandishi ya kwenye kopo lake, nikatabasamu, nikamwambia mama kwamba hata hiyo ina fedha ndani yake, ya aina ya zamani, iliyokwishapimwa kwa watu.

"Kumbe ilikuwa hapa siku zote!" akasema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. "Na wewe umezunguka kote huko!"

Nikamweleza kwamba hizi chembe zangu huenda zikafika pale ambapo krimu na sindano zitashindwa. Sikumficha pia kwamba bakteria wanaweza kuizoea hata fedha, tukiimwagamwaga kama rangi mbili. Akaitikia kwa kichwa, safari hii bila utani.

Daktari hajatuahidi kitu. Amechukua kalamu akachora mstari kuzunguka ukingo wa wekundu. Ukivuka mstari, tuna shida. Ukirudi ndani, dawa inashika. Nimezoea kupima duara kwenye sahani kwa rula na moyo mtulivu. Hili la leo nimelitazama mara nne, na kila mara nimesoma Bismillahi kwanza.

Mara ya nne, alasiri hii, wekundu ulikuwa ndani ya mstari. Upana wa punje ya mchele tu, lakini ndani.

Nimekwenda kumwambia. Alikuwa anasinzia. Akafumbua jicho moja.

"Hiyo chupa yako itabanguliwa lini?"

"Sijui, mama. Huenda miaka."

"Basi," akasema, akigeukia ukutani. "Majani yapo."