Sweta Iliyoshuka Muze

Jumatano, Chanji

Eti kiangazi ni kiangazi! Wifi Sabina kapanda kutoka Muze, kule bondeni kwenye joto, asubuhi kuja kunisaidia kupanga begi la safari ya Uskoti, na kazi yake yote ikawa kulipangua.

Mwanangu Anita alishaniambia kwenye simu, "Mama, kiangazi cha huku kina jua, mvua na upepo siku hiyohiyo. Beba sweta." Nikaweka tatu. Wifi akazitoa zote, akajaza madera. "Watakucheka, wifi. Wazungu saa hizi wanatembea kifua wazi." Mtaalamu wa Ulaya huyo, hata Kipili hapo ziwani hajafika.

Nilimwacha ajaze. Kusema kweli, mawazo yangu hayakuwa kwenye sweta. Miaka minne sijamwona Anita, naogopa atanipokea kama mgeni.

Wifi alipoondoka nikaanza kuzirudisha begini. Nikazikuta mbili. Ile ya bluu aliyonitumia Anita, niliyotaka kushuka nayo kwenye ndege ili aione, haipo.

Imeshuka naye Muze! Huko hata kuku wanahema kivulini. Lakini namjua. Jumapili atakuwa nayo kanisani, vifungo hadi shingoni, jasho likimchuruzika, akimwambia kila anayemtazama kwamba imetoka Ulaya.