Serikali Haina Mtani

Jumatano, 5 Juni 1974
Kaptula sita za shule leo. Cherehani inakwama kwenye khaki, nimeitia mafuta. Juzi Maganga amefariki hospitali ya Kitete, jana tumemzika. Tumekua pamoja, tumetahiriwa mwaka mmoja. Sina machozi. Mtani halii msibani, kazi yake ni kuchekesha. Mimi Mzaramo, babu yangu alifika Tabora na mzigo wa msafara kichwani. Maganga Mnyamwezi, na makabila haya ni watani. Kwa hiyo nilifanya yangu. Nilisema marehemu amekufa kwa kukimbia jembe. Nikachukua baiskeli yake, nikazunguka nyumba mara tatu, nikatangaza kwamba ni urithi wangu mpaka wanikomboe kwa jogoo. Mama Zena, mjane wake, alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Baiskeli nimeificha nyuma ya majora ya kitambaa. Mtani huficha vizuri, la sivyo utani hauna maana.

Ijumaa, 7 Juni
Naandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya suruali iliyobaki mfukoni. Niko kituoni. Walikuja polisi wawili, wapole tu, wakauliza baiskeli iko wapi. Nilicheka. Nilidhani Mama Zena amewatuma. Hawakucheka. Wakasogeza majora, wakaiona. Baiskeli haikuwa ya Maganga. Ni ya kijiji cha ujamaa alikokuwa katibu. Katibu mpya ameitafuta, hakuiona, akatoa taarifa. Iliyofichwa hivyo, nani atasema haikuibwa?

Jumatatu, 10 Juni
Mahakamani. Nilisomewa shtaka: kwamba pasipo haki, na kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja, niliiba baiskeli, mali ya kijiji. Hakimu akauliza: ni kweli au si kweli? Nilitazama sakafu. Kuchukua nimechukua. Kuiba sijaiba. Nikasema nilichukua kwa utani. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema ameandika kwamba nimekana. Sikujua kwamba nimekana. Wadhamini wangu wawili walikuja, mmoja hakuwa na barua ya balozi wake wa nyumba kumi. Nikapelekwa mahabusu.

Jumanne, 11 Juni
Ugali na maharage. Kupanga mstari. Ugali na maharage.

Alhamisi, 13 Juni
Humu yumo Mzee Shija, Msukuma, ana kesi ya ng'ombe. Anajua mahakama kuliko karani. Ananieleza kwa kuhesabu vidole. Kwanza kesi hutajwa, hapo hakuna kinachotokea. Kisha husikilizwa, mashahidi wao wanasema. Halafu hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo unajitetea. Mwisho hukumu. Nikamwambia kwangu ni jambo la utani tu, litakwisha. Akanitazama kwa huruma. Mali ya umma ina sheria yake, akasema, hakimu mwenyewe hana ruhusa ya kukupunguzia. Ni miaka, si miezi. "Serikali haina mtani, mwanangu." Nilimsikia kama anayezungumzia mtu mwingine.

Jumatatu, 17 Juni
Balozi ameandika barua. Nimetoka kwa dhamana. Hadija, mke wangu, amepika kuku. Nimekula. Baadaye akaniuliza kama chumvi ilitosha, nikasema sikumbuki.

Jumatatu, 24 Juni
Kesi imetajwa. Nilivaa koti. Mwendesha mashtaka, sajini mmoja mnene, akasema upelelezi umekamilika. Tukapewa tarehe. Koti limevaliwa bure.

Alhamisi, 27 Juni
Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna hakimu. Kwenye madigadi ya nyuma kuna maandishi ya rangi nyeupe: MALI YA KIJIJI. Siku ya msiba niliyaona. Nimeyaona miaka yote Maganga akipita nayo dukani kwangu. Kwangu ilikuwa baiskeli ya Maganga, basi. Nimemwambia Hadija. Amesema nikane, rangi imefifia, nani atanipinga? Nimeogopa. Tangu wanikamate sikuwa nimeogopa, leo nimeogopa.

Jumanne, 2 Julai
Siku ya kusikilizwa. Shahidi wa kwanza katibu mpya, kijana nadhifu, hana chuki nami. Alisema alichokiona. Shahidi wa pili Mama Zena. Ameitwa na upande wa mashtaka, naye amekuja na jogoo kafungwa miguu ili anikomboe. Karani akamtoa jogoo nje. Sajini akamuuliza: mshtakiwa alichukua baiskeli? Akajibu, "Alichukua, ndiyo haki yake. Asingechukua kitu ningejua hakumpenda mume wangu." Jogoo akawika uani. Watu walicheka. Hakimu hakucheka.

Nikaambiwa nina kesi ya kujibu. Nikaapa kwa msahafu. Nikaeleza utani tangu mababu, nikaona hakimu anaandika, nikapata moyo kidogo. Sajini aliposimama alikuwa na swali moja. Maandishi uliyaona? Hadija alikuwa benchi la nyuma. Nikasema niliyaona. Sajini akaketi. Hadija akainuka akatoka nje.

Jumapili, 7 Julai
Saba Saba. Ngoma zinasikika tangu asubuhi, hatukwenda. Hadija hasemi nami ila kwa lazima. Nimekata suruali ya mwalimu, nimeikata fupi. Kitambaa kizuri kimeharibika. Jioni nimemwonyesha Hadija jinsi ya kubadili sindano na kukaza mkanda wa cherehani. Alitazama, akajaribu mwenyewe mara mbili. Hakuuliza kwa nini.

Jumanne, 9 Julai
Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, karani akafasiri. Nilishika ukingo wa kizimba. Hakimu amesema baiskeli ni ya kijiji na utani hauwezi kumpa mtu mali ya kijiji. Hapo nikajua nimekwisha. Kisha akaendelea. Mtu aliyechukua kitu mchana, mbele ya msiba mzima, akatangaza, huku akiamini kwa moyo safi kwamba ana haki, sheria haimwiti mwizi, hata kama haki hiyo hana. Na aliyekubali kwamba aliyaona maandishi, mahakama imemwamini na kwa mengine aliyosema. Niko huru. Hadija alilia kwa sauti. Mimi nilitafuta mahali pa kuketi. Sikuhisi kitu. Tumerudi nyumbani, nimelala mchana wote.

Jumamosi, 13 Julai
Arobaini ya Maganga, kwa mama yake, mtaa wa Ng'ambo. Wali, nyama, dua. Baada ya dua watu walinitazama. Kila mmoja alikuwa anangoja nianze. Nikawa naongea na jirani yangu habari za mvua. Mama Zena akaingia ndani, akatoka na kofia ya Maganga, ile ya kwendea Ijumaa, akaniwekea mapajani. "Iba basi, shemeji. Hii ni yake mwenyewe."

Wakacheka, wakangoja. Niliishika. Ilikuwa bado na jasho lake kwenye ukingo. Nikasimama, nikamrudishia kwa mikono miwili, nikasema ahsante, shemeji. Hakuna aliyecheka. Mama Zena akaipokea akaikunja. Nikamalizia chai yangu, nikaaga, nikaondoka na Hadija.