Utani wa Baba Mdogo

Mbugangari, Gisenyi

Kwako dada yangu Languida,

Shikamoo dada. Habari za Karagwe, shemeji na watoto? Goti lako limepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na ananung'unika kwamba simu yako haipatikani kila anapotaka kugombana nawe.

Mimi mzima. Najua neno hilo utalisoma mara mbili, basi nakueleza: vipimo vya juzi huko Kigali ni vizuri, kama vya mwaka jana na mwaka juzi. Daktari hasemi nimepona. Anasema saratani ya damu imelala, niendelee na kidonge changu cha kila jioni isije ikaamka. Haya, nayo ilale. Mimi niko macho, nauza vitenge, nanenepa, na mama bado ananikataza kubeba ndoo.

Sasa habari za posa uliyoikosa. Wellars alijua ugonjwa wangu tangu mwanzo. Asiyejua alikuwa mama yake, Mukamusoni, yule anayeuza dagaa wa sambaza kule ziwani. Wellars alisema ya nini kumtia hofu kwa jambo lililopita. Lakini mimi nilikosa usingizi. Ningeingiaje nyumbani kwa mama wa watu huku nikimeza dawa kwa kujificha?

Desturi unaijua: msemaji wetu lazima awazungushe wageni kwa utani, abuni sababu za kuwanyima binti, mara amekwenda utawani, mara ameshaposwa. Baba mdogo Gakwaya aliwazungusha kweli kweli. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi, nimeshavaa mshanana, nachungulia dirishani. Mara akasema binti hatoki kwa sababu aliugua saratani ya damu, na mpaka leo anameza dawa kila siku. Watu wakaangua kicheko. Msemaji wao, mzee Karangwa, akajibu kwamba ng'ombe waliyemleta ana maziwa yanayotibu hata hiyo. Wakacheka tena.

Mukamusoni hakucheka. Alimtazama sana baba mdogo, kisha akainuka akaja moja kwa moja chumbani, jambo ambalo mama wa bwana harusi hafanyi kamwe. Nilijua posa imevunjika.

Akakaa kitandani kando yangu. Akasema kwa Kiswahili chao cha ziwani, "Ile haikuwa muchezo, nimeona macho yake. Ile dawa unakunywaka mbele ya kula ao nyuma?" Nikamjibu, baada ya kula. "Bon. Basi kwetu tutakulaka mapema." Akanitengeneza mshanana begani, akarudi kwenye kiti chake. Nililia, dada, hadi shangazi akanipaka poda upya.

Najua mama amekuambia kwamba baba mdogo aliniaibisha mbele za watu. Tangu siku ile hamsemeshi. Msimlaumu. Nilimwomba mimi. Nilishindwa kumwambia yule mama uso kwa uso, nikaona utani utanisaidia. Akichukia, tuseme ulikuwa utani tu. Baba mdogo alikataa kwanza, akatokwa na machozi, ndipo akakubali. Tafadhali mweleze mama kwa simu. Wewe anakusikiliza.

Harusi ni Agosti, na usinilete habari ya goti. Uje na kahawa za kutafuna, furushi kubwa, za mama mkwe. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu.

Naishia hapa. Nimealikwa chakula kwa Mukamusoni, na kwake siku hizi wanakula jua likingali juu.

Mdogo wako akupendaye,
Teta