Munyao Anataka Nifunguliwe Tumbo Lote

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kansa ya utumbo mpana. Basi, nimeiandika.
Daktari hapa Thika alinichorea tumbo nyuma ya karatasi. Njia mbili. Kunipasua katikati, au matundu manne madogo – kamera inaingia, wanakata wakiangalia skrini. Kwa ugonjwa kama wangu kansa inatoka sawasawa kwa njia zote mbili, ila kwa matundu nitapona haraka zaidi. Nikasema matundu. Cherehani haijiendeshi, na mwezi ujao wazazi watataka sare za shule.

Jumatano, 5 Machi
Munyao! Kaka yangu mkubwa anachoma nyama kule Kamakis, miaka ishirini anachinja mbuzi, kwa hivyo ni daktari. Nilimpigia kumweleza, akacheka. "Wayua, kitu cha sentimita nne kitapitaje tundu la sentimita moja? Wataikatakata huko ndani imwagike!" Nikamwambia tundu moja linapanuliwa kidogo, kipande kinatoka kizima ndani ya mfuko. Ati yeye hajawahi kukagua matumbo ya mbuzi kwa kuchungulia.
Mimi ni mbuzi? Nikamkatia simu.

Jumapili, 9 Machi
Nina hasira mpaka mwandiko umeharibika. Jana walikaa kikao kule nyumbani Ngoliba kuhusu tumbo langu, bila mimi! Mama, wajomba, Munyao mwenyekiti. Wakala na nyama. Wakakubaliana nifunguliwe tumbo lote, ili Munyao aonyeshwe hicho kitu kwenye beseni, ajue kimetoka. Ati wananitakia mema. Hakuna aliyesema tumuulize Wayua.
Nzuki, mdogo wetu, ndiye aliyeniambia, akaniomba nisimtaje. Nimemtaja kwa kila mtu.

Jumanne, 11 Machi
Kliniki. Kwenye faili yangu: familia imechagua upasuaji wa wazi. Munyao alifika jana, akajiita msemaji wa familia, na mtu wa kaunta akaandika tu!
Nilipiga meza. Nina miaka arobaini na minane. Nimezika mume, nimesomesha watoto wawili kwa sindano na uzi. Nani ameomba msemaji? Daktari akaomba msamaha, akapiga mstari juu ya maneno hayo. Nilisimama pale pale mpaka wino ukauka. Matundu, Jumatatu ijayo. Kwanza skani.

Ijumaa, 14 Machi
Skani imetoka. Pengine uvimbe umeshikana na ukuta wa tumbo. Pengine! Picha haionyeshi vizuri. Wataanza na kamera, na wakikuta umeshikana sana, watafungua papo hapo. Nitajua nikiamka.
Sikulia. Nilitukana kiti. Nimepigana na ukoo mzima, halafu tumbo langu lenyewe linamuunga mkono Munyao.

Jumatatu, 17 Machi
Wodini. Saa moja na nusu asubuhi. Nesi alileta fomu: nakubali kamera, na nakubali kufunguliwa ikibidi. Nikatia saini. Mimi, kwa mkono wangu.
Munyao amekuja moja kwa moja kutoka kazini, ananuka moshi. Amekataa kuketi. Nilimwonyesha ule mstari wa pili wa fomu. Haya, cheka basi, nikamwambia. Umeshinda. Si umezoea kufungua?
Akaisoma fomu mpaka chini kwenye saini. Kisha akasema, "Mbuzi huwa simjui jina, Wayua."
Shindwe! Nilikuwa na hasira yangu nzuri, imenishikilia wiki mbili, naye amekuja kuniharibia dakika ya mwisho. Sasa naogopa. Naogopa sana.
Kitanda cha magurudumu kimefika. Nesi ananiambia, mama, hicho kitabu kiache. Munyao amenyoosha mkono akipokee. Mkono ule ule wa kisu.
Nitampa. Lakini asithubutu kukisoma!