Vikapu vya Chaza Havitoki

Mdogo wangu,

Nakutangazia rasmi, kwa huzuni kuu, kwamba ile kofia uliyoniachia imechukuliwa na upepo.

Mengine ni madogo. Jana watu wa hoteli walikuja kung'oa vikapu vyangu vya kufugia chaza baharini, eti vinawaharibia wageni mandhari. Nikasimama mbele ya vikapu, maji kiunoni.

"Mama, toka!"

"Samaki wameadimika, mwanangu. Chaza hawa hawaniombi hata chakula, na ndio kitoweo cha mtaa mzima. Vua viatu uje!"

Wakatazama viatu vyao, wakaondoka. Majirani wakashangilia. Kwa hiyo acha kunisihi niuze kila kitu nihamie kwako. Sihami.

Dada yako mwenye kichwa kigumu

Nisikudanganye: waliondoka kwa sababu maji yalikuwa yanajaa. Kesho saa nne yanakupwa, nao watarudi.